"Ahaa" ya Shangazi

Ile "ahaa" ya Shangazi bado ninayo. Nimeamka nayo Jumatatu, nimepanda nayo mwendokasi, nimekaa nayo kwenye kikao cha bajeti, na leo Alhamisi usiku iko hapa mezani pembeni ya kikombe changu cha chai.

Shangazi ni dada yake Baba, yule wa Chumbageni, Tanga mjini. Tulikuwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwa Bibi, mikeka ya harusi yangu iliyokwisha kushonwa tumeitandaza barazani ipigwe na upepo. Shangazi akatokea kivukoni na mwavuli wake, tukampa shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa chini.

"Majamvi yote haya ya nini?"

"Mikeka, shangazi. Ya harusi."

"Ahaa. Mi nikadhani kuna matanga hapa, hamjaniambia."

Akacheka. Tukacheka sote, hata mimi, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Kwanza, majamvi! Jamvi ni la miyaa, gumu, la kutupwa chini ya mti watu wakae. Huu ni ukindu, makuti ya mkindu, umekatwa ungali mchanga kando ya mto, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, ukachanwa kwa ukucha, zikatoka chane nyembamba, ndipo ukachemshwa na rangi kwenye sufuria ambalo Bibi haliruhusu tena liingie jikoni. Bibi anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa mkeka, huku anapiga soga, mikono haiangalii. Mama ndiye mshonaji, anaunga ukili kwa ukili kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na zambarau ikiangukia mahali pa kijani anafumua yote, usimwambie kitu. Mimi nimepewa kazi ya rangi kwa sababu ukili wangu unapinda kama nyoka. Vidole vyangu ni zambarau mpaka leo. Dada mmoja benki kaniuliza nimepaka hina gani.

Shangazi anaijua tofauti ya jamvi na mkeka kuliko mimi. Kazaliwa kwenye nyumba ileile, na anayesuka ni mama yake mzazi! Na aliyeshika shazia ni wifi yake, ambaye tangu siku hiyo hajasema lolote kuhusu jambo hili. Bibi hata kichwa hakuinua.

Majibu sasa ninayo tele. "Matanga ya nani, shangazi, mbona wote tupo?" Hilo limenijia kwenye foleni ya Ubungo. Jingine silirudii hapa, Mama huwa anasoma.

Nikampigia Mhandisi, mchumba wangu, nikitegemea tukasirike wote. Akauliza, "Alikaa?" Alikaa wapi? "Kwenye mkeka." Ndiyo, alikaa. Alikaa kutwa, akala muhogo wa nazi, akasinzia kidogo. "Basi," akasema. Basi nini? Wanaume hawa.

(Mahari imefika Jumanne, wazee wameelewana, na ofisini tumeambiwa rasmi kwamba tunahamia Dodoma mwezi wa saba. Hayo siku nyingine.)

Mipango ya harusi haijabadilika. Ndoa asubuhi kwa Bibi, wageni sitini, wote chini, mikeka kutoka barazani mpaka kwenye mwembe. Kadi naziandika kwa mkono wangu, na mdogo wangu anabandika kipande cha ukili kwenye kila moja. Gundi imemganda mpaka nywele. Vikuba, vile vishada vya maua, vya asumini, mrehani na kilua vitatungwa alfajiri ileile, maana ua la jana ni takataka. Kisutu, ile nguo nyekundu ya bibi harusi, Mama kanitolea chake mwenyewe sandukuni. Wekundu umefifia, kinanuka udi na nondo, nimekipokea bila mjadala. Hakuna ukumbi, hakuna mshereheshaji, hakuna keki ya ghorofa. Hakuna kamati wala michango.

Jana usiku, taa nimeshazima, likanijia lile daftari.

Shangazi ana kaunta buku la jalada gumu, tangu sisi wadogo tulikatazwa kuligusa. Ndani yake kuna majina, harusi ya nani, mwaka gani, katoa nini. Elfu tano ya mwaka 1998. Elfu thelathini. Doti mbili za khanga. Mchele kilo ishirini. Kaoza mji mzima yule mama. Kamati ikiundwa Chumbageni, jina la mtunza hazina linajulikana kabla kikao hakijaanza. Na mtoto hakujaliwa. Kwa hiyo ile harusi ambayo watu wa daftari wangemrudishia ni yangu mimi, hakuna nyingine anayoisubiri. Walikuwa waje na bahasha zao na sare zao, wapange mstari, yeye akiwa mbele anawapokea. Nami nikatangaza Idi, mbele ya ukoo, kwamba michango sitaki na watu ni sitini. Siku ile hakusema neno. Alimenya chungwa.

Kamati bado sitaki. Nimeona ahadi zisizolipwa, nimeona bwana harusi anazunguka na pikipiki kutafuta salio la ukumbi wiki ya harusi yenyewe, na vikao vile vya kila Jumapili ambavyo nusu ya pesa inaishia kwenye vinywaji vya wanakamati. Sitaki kupandishwa kwenye jukwaa la maua ya plastiki nipigwe picha na watu wenye njaa. Hapo sihami. Ila lile neno la matanga sasa nalisikia vingine, na sijui kama ni afadhali. Lilipokuwa kejeli tu, nilijua la kufanya nalo: kukasirika.

Leo nimemuuliza Mama kwenye simu. Kakaa kimya, kisha akasema, "Wifi yangu ana watu wengi." Nikamwambia basi achukue siku ya pili, pilau lote liwe lake, awaite anaowataka, wampe wanachotaka kumpa na aandike kwenye daftari lake. Mama akauliza, "Utawakalisha wapi?"

Nikaanza hesabu. Mkeka mmoja ni watu wanane wakibanana, na ukindu uliobaki kwa Bibi haufiki mbali. Watu wa Shangazi si chini ya mia mbili. Itabidi tukaazime msikitini yale majamvi ya misiba. Majamvi hasa, ya miyaa! Mama alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikajikuta nacheka, kicheko cha kweli safari hii. Pendekezo lenyewe hatujampelekea. Mama anasema niende mwenyewe, jambo kama hili halipelekwi kwa simu, na niende na kitu mkononi.

Sasa mtungi wa gesi nao umeanza kunuka. Nimepaka povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye mpira wote, hakuna hata kiputo kimoja cha kuvuja, lakini nikiinama harufu ipo. Jirani anasema ni kawaida gesi ikikaribia kuisha. Yangu nimeijaza juzi. Nimeutoa nje kwenye kibaraza, chai hii nimechemsha kwa mkaa, na fundi wa pale kona hapokei simu tangu magharibi.