Makala Niliyoitegemea Ilikuwa Imebatilishwa

Nilikuwa nimebakiza sura moja tu ya tasnifu. Hoja yangu kuu ilisimama juu ya makala niliyoitoa kopi maktabani miaka miwili kabla, kutoka jarida la karatasi, nami nilikuwa nimeipigia mistari karibu kila aya. Msimamizi wangu akataka kila rejeleo liwe na namba yake ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja.

Nilipobofya namba ya makala ile, ukurasa ulifunguka ukiwa na neno kubwa lililopita juu ya maandishi yote: IMEBATILISHWA. Wahariri walieleza kuwa data haikuweza kuthibitishwa. Ilani hiyo ilikuwa imekaa pale zaidi ya mwaka. Nakala ya maktabani haikuwa na alama yoyote. Karatasi ikishachapwa, imechapwa.

Usingizi haukuja usiku ule. Kesho yake nikaamua kuwatafuta waliokuja baada ya makala ile. Orodha ya marejeleo hukupeleka kwa waliotangulia tu, lakini jarida la kielektroniki hukuonyesha pia walioirejelea baadaye. Kazi hiyo imerahisishwa sana na Crossref, shirika la kuunganisha marejeleo lililoanzishwa na wachapishaji mwaka 2000 ili rejeleo la jarida moja liweze kufungua makala ya jarida jingine. Nikazifungua makala zao zote. Nyingi ziliitaja kwa sentensi moja na kupita. Tatu ndizo zilizorudia jaribio lenyewe: mbili hazikupata matokeo yale, ya tatu iliyapata kwa sehemu. Hiyo ya tatu ilikuwa nakala ya awali kwenye arXiv, ghala la mtandaoni lililoanzishwa na mwanafizikia Paul Ginsparg mwaka 1991, na ilikuwa haijapita kwa wahakiki. Nilisita. Nikamwandikia mwandishi wake, na baada ya siku nne akanitumia data yote pamoja na programu ya uchambuzi. Nikaikokotoa mwenyewe mpaka nikaridhika.

Sura nikaiandika upya. Dai langu likawa dogo kuliko la mwanzo, ila lilikuwa na miguu.

Kinachoniuma hadi leo ni PDF. Ukishaipakua na kuihifadhi, nayo inakuwa kama karatasi: haijui kilichotokea baadaye. Yapo majarida yanayoweka ilani ya kubatilisha kwenye ukurasa wa peke yake, na faili la makala likabaki safi. Hilo ni kosa kubwa kwa wasomaji. Mimi hutunza marejeleo yangu kwenye programu ya Zotero, ambayo tangu 2019 huonya makala iliyobatilishwa, na bado hufungua kila DOI upya kabla ya kuwasilisha kazi yoyote.

Siku ya utetezi, mtahini mmoja aliniuliza kwa nini sikuijenga hoja juu ya makala ile, kwa kuwa yeye huifundisha kila mwaka. Nikamfungulia ukurasa wa makala hiyo. Aliisoma ilani mara mbili, akachukua kalamu, akanakili namba ya DOI pembeni mwa karatasi yake.