Kumbe bado upo?

Tangu Jumatatu nimejiapiza kwamba jambo hili siliandiki. Leo ni Ijumaa usiku, taa zinazowaka ghorofa nzima ni mbili, ya kwangu na ya bafuni, na usingizi umegoma. Basi naandika.

Dokta alikuwa anatoka ofisini kwake na kikombe mkononi. Mimi natoka chumba tunakofugia nzi wa majaribio na trei ya vichupa. Tukakutana kwenye korido, pale penye ubao wa matangazo ambao hadi leo umebandikwa ratiba ya mitihani iliyokwisha. Mazungumzo yetu yote, sijapunguza neno, ni haya:

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Kumbe bado upo?”

“Nipo.”

“Haya.”

Akaenda kuchemsha maji yake. Mimi nikaingia maabara, nikaweka trei mezani, nikakaa. Hapo ndipo lilipoanza kuniuma.

Wanaonifuata wanajua kwamba huyu Dokta ndiye aliyeniomba nibaki chuoni likizo hii. Sikujipeleka. Aliniita baada ya kipindi, akaniuliza kama nina mikono isiyotetemeka, akanipa ufunguo. Wenzangu walipokuwa wanaburuta masanduku kwenye ngazi, mimi nilikuwa juu dirishani najiona mtu. Sasa mtu aliyekupa ufunguo anakuuliza kumbe bado upo? Alidhani nani anajaza chakula kwenye vichupa mia moja na arobaini? Vinajijaza?

Nimelichambua lile swali kama somo la sarufi. “Kumbe” ni neno la mtu aliyegundua kwamba alichokiamini sicho. Husemi kumbe kwa kitu unachokijua. Kwa hiyo kichwani mwake mimi nilishaondoka, tena bila kuagwa. “Bado” ndiyo mbaya zaidi. Bado inasemwa kwa homa, kwa mvua, kwa mafundi waliosema watamaliza juzi. Ukitoa “bado” ukabaki na “Kumbe upo!”, hiyo ni sauti ya mtu aliyefurahi kukuona. Ukitoa “kumbe” ukabaki na “Bado upo?”, hilo ni swali la mtu anayetaka kufunga mlango, halina ubaya. Yakikaa pamoja ndiyo sijui. Na hilo jibu langu! “Nipo.” Kama naitwa kwenye orodha ya mahudhurio. Jibu zuri lilinijia dakika ishirini baadaye nikiwa naosha vichupa kwenye sinki: “Nipo, Dokta, nzi hawaendi likizo.” Nililisema kwa sauti, peke yangu, mara mbili, la pili nikalitia na kicheko kidogo. Lilikuwa zuri kweli.

Jumanne Dada alijifungua mtoto wa kiume, wote wazima, na jioni hiyo hiyo matokeo yakatoka na ile takwimu iliyonitoa machozi nimeifaulu. Nilimpigia Dada kumpongeza. Naona aibu kuandika hili, lakini hazikupita dakika tano nikawa namuuliza yeye, mzazi wa siku moja, anaielewaje “kumbe”. Akanyamaza. Nikasikia mtoto. Akaniuliza, “Alisema kwa sauti gani?” Nikamwigizia. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema, “Hapo mara ya kwanza ulimwigiza mtu mwema, mara ya pili mtu mbaya. Wewe unalala kweli?”

Silali, ndiyo. Ratiba ya nzi hairuhusu. Nimeshawaeleza kwamba kazi yangu kubwa ni kukusanya mabikira, na najua mmeshacheka mkamaliza. Nzi jike wa matunda akitoka kwenye pupa, lile ganda anamogeukia kuwa nzi kamili, katika joto la nyuzi 25, ana muda wa saa 8 hivi kabla hajampokea dume. Kwa hiyo saa 1 asubuhi naondoa nzi wote kwenye chupa, na kabla ya saa 9 alasiri lazima niwe nimerudi kuwachukua majike waliotoka katikati. Unawalaza kwa gesi ya kaboni dioksaidi, unawamwaga kwenye kibao cheupe chini ya hadubini, unawatenga kwa brashi ya kuchorea, ile nyembamba kabisa. Mchanga unamjua: rangi yake imepauka, mabawa hayajanyooka vizuri, na tumboni kuna doa jeusi linaloonekana kupitia ngozi kama mbegu ndani ya tunda. Ukimaliza unawarudisha kwenye kichupa kilicholazwa ubavu, maana ukikisimamisha wanaangukia chakulani wakiwa bado wamelala na hawaamki tena.

Majike wangu wana macho meupe. Nawaoza kwa madume wenye macho mekundu. Siku kumi baadaye watoto wa kiume wote wanatakiwa wawe na macho meupe kama mama, na wa kike wote macho mekundu kama baba, kwa sababu jeni hiyo inakaa kwenye kromosomu ya X, na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama peke yake. Ni jambo la tangu 1910, Morgan, yule Mmarekani aliyechunguza urithi kwa kutumia nzi, alipompata dume wake wa kwanza mwenye macho meupe. Hatutafuti jipya hapo. Ni msalaba, ndivyo tunavyoita kuoza nzi wa aina mbili, wa kuthibitisha kwamba mikono yetu ni safi kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Kichupa namba 7 kilikuwa na watoto wa kike wenye macho meupe kumi na wanne.

Maana yake ni moja. Kati ya “mabikira” wangu mmoja hakuwa bikira. Alishakutana na kaka yake kwenye chupa kabla sijafika. Yaani nilichelewa. Na najua nilichelewa siku gani: ile siku nilipohamishwa chumba, rangi ilipokuwa inapakwa bweni letu, nikapandisha godoro ghorofa tatu peke yangu, nikafika maabara saa 10 kasoro nikajiambia haidhuru. Nilijaribu kumkimbilia Bridges, mwanafunzi wa Morgan. Yeye mwaka 1916 alieleza jinsi X mbili za mama zinavyoweza kushindwa kuachana, ukapata binti mwenye macho meupe bila kosa la mtu. Lakini hiyo hutokea kwa nzi mmoja kati ya kama elfu mbili. Kumi na wanne katika kichupa kimoja, huyo si Bridges. Huyo ni mimi na godoro.

Sasa angalieni akili inavyofanya kazi. Kichupa namba 7 kilikuwa kwenye trei ile ile niliyoibeba Jumatatu. Kiliachwa juu ya meza wikendi nzima. Dokta ana ufunguo. Kwa hiyo labda alishakiona! Labda “kumbe bado upo” ilikuwa “kumbe aliyeharibu hivi bado yupo”. Nilikaa na wazo hilo usiku mzima wa Jumanne. Jumatano nikalipunguza, nikasema hapana, angetaka kusema angesema. Usiku likarudi likiwa limenenepa.

Alhamisi nikaenda kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maelezo, na mchoro. Alikuwa anasoma kitu, hakuinua kichwa mara moja. Nikaeleza. Akasema, “Andika kwenye daftari tarehe na sababu. Kitupe. Anza upya.” Nikasimama kidogo, nikingoja. Akaniangalia. “Kuna lingine?” Nikasema hakuna. Lingine lilikuwepo, lilikuwa limejaa mdomoni.

Kuna hadithi wanayoipenda sana watu wa nzi, ya Sturtevant. Mwaka 1911 alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza tu kwenye maabara ya Morgan. Jioni moja akabeba takwimu za misalaba kwenda nazo nyumbani, akaacha kazi za darasani, na usiku huo akachora ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu. Nimeambiwa hadithi hiyo mara tatu tangu likizo ianze. Sijawahi kusikia ya mwanafunzi aliyekesha akichambua neno bado.

Basi jana jioni nikaenda kukitupa kichupa namba 7. Nzi wa maabara hawaachiliwi nje. Wanagandishwa, kisha ndiyo wanatupwa. Nilikuwa nimeshawalaza na kuwahesabu mara ya mwisho, nikarudisha wote, kikakaa kwenye jokofu. Nilipokitoa, nikachungulia kwa mazoea tu. Chini, ubavuni mwa chakula, kulikuwa na mmoja amenasa. Bawa la kulia limegandamana na ule uji wa unga na hamira. Nikamsogeza kwa ncha ya brashi, nikijua amekufa. Sijui kama jokofu letu linazidiwa au ni nini, lakini mguu wa mbele ukajikunja. Halafu ukanyooka.

“Kumbe bado upo?” nikasema.

Nilisema kwa sauti, na ukumbi mzima ulikuwa kimya, hata feni nilikuwa nimezima. Nikajisikia. Sikupanga. Sauti yangu ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayefunua shuka amwone mtoto. Nikacheka hadi nikalazimika kuweka brashi chini.

Nilikaa pale nikijaribu kuirudisha sauti ya Dokta ya Jumatatu niilinganishe. Haipo. Kikombe nakiona, kina ufa mdogo karibu na mkono. Ubao wa matangazo nauona. Maneno ninayo yote. Sauti yenyewe nimeisugua siku nne kwa kuirudia, hadi sasa ninayoisikia ni yangu. Dada aliniuliza kitu hicho hicho Jumanne, na mimi nikamjibu kwa maigizo.

Yule nzi ni jike, macho meupe, mmoja wa wale kumi na wanne. Ushahidi dhidi yangu kabisa. Nilitakiwa nimrudishe kwenye baridi. Nimemtoa bawa likachanika kidogo, nikamweka peke yake kwenye kichupa kipya, kimelazwa, hakina lebo. Kichupa kisicho na lebo kwenye maabara ile ni kosa kubwa kuliko kuchelewa, msimwambie mtu. Leo asubuhi alikuwa anatembea, kwa kuegemea upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo.

Dokta nilimwona leo kwa mbali, akifunga gari. Alinyoosha mkono. Au alikuwa anatafuta funguo.

Chuo kimekuwa kitamu jioni hizi, sikatai. Intaneti inakimbia kwa sababu hakuna wa kugawana naye. Maktaba inafungwa mapema lakini meza ya dirishani ni yangu, hakuna anayeweka daftari kuishika. Mzee wa lango ananiita “mwenye chuo”. Leo aliniuliza kama mtoto wa Dada ameshapewa jina, nami nikagundua sijauliza.

Ila jino la nyuma, kushoto chini, tangu jana linashtuka kwa maji ya baridi. Mwanzo nilidhani ni fizi. Leo limeshtuka hata kwa upepo nilipokuwa nacheka. Zahanati ya chuo likizo inafunguliwa Jumatatu na Alhamisi tu, na Jumatatu saa 1 hadi saa 9 ni zamu ya majike. Nimejaribu kutafunia upande wa kulia. Na kulia nako, nikibonyeza kwa ulimi, kuna kitu.