Kijani cha Ng'ambo

Agosti 2025 Marekani ilizima setelaiti zake NOAA-15 na NOAA-19, nami nimehuzunika kweli. Setelaiti hizo zilirushwa kwa ajili ya hali ya hewa, lakini jamaa zao ndizo zilizonifundisha kusoma nyasi. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi ulio jirani nao, usioonekana kwa macho. Ukilinganisha hiyo miwili, unajua ardhi imevaa nini. Mwaka 1985 mwanasayansi wa NASA Compton Tucker na wenzake walitumia hesabu hiyo kuainisha uoto wa Afrika nzima.

Mimi nakumbuka Ng'ambo, karibu na Marigat nchini Kenya, ukame wa 2006. Tulikuwa na ramani ya setelaiti ya siku kumi, kila nukta kilomita moja na ushei. Kwa kila nukta tulichukua thamani ya kijani iliyo juu kabisa katika siku hizo, ili mawingu yajiondoe. Nchi yote ilionekana imeungua, isipokuwa ukanda wa kijani kusini mwa Ziwa Baringo.

"Nyanya, hapa pana malisho?" nikamwuliza mama mmoja mzee.

Hakujibu. Alimshika mbuzi wake pembe, akapiga goti, akamfunua mdomo wa chini kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa zimevimba. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na katikati ya yaliyobaki limenasa ganda la manjano, linanata kwa sukari. Harufu ilikuwa tamu, kisha ya kuoza. Mbuzi alitulia tu, kama amezoea kukaguliwa.

"Kijani chenu ndicho hiki, mwanangu. Nyasi zilikuwa hapa. Mathenge umezikaba."

Mti huo wenye maganda matamu yanayoozesha meno ya mbuzi uliletwa Baringo miaka ya 1980, uzuie mmomonyoko na kutoa kuni. Mizizi yake huyafuata maji chini kabisa, kwa hiyo kiangazi hakiukaushi. Na kwa setelaiti, jani ni jani.

Siku hizi setelaiti za Ulaya, Sentinel-2, hutupa nukta za mita 10, na vijana wetu huutenganisha mathenge na nyasi kwa kufuata majira ambayo kila kimoja hustawi na kunyauka. Nawaonea fahari. Lakini bado naletewa ripoti zinazotangaza ongezeko la kijani kuwa habari njema, na kabla ya kutia sahihi huuliza mbuzi wa huko wanakula nini. Mara nyingi hakuna aliyekwenda kutazama.