Kofia za Bibi

Neno: Matendo ya Mitume 9:36–42

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwenye mazishi ya Bibi yetu, wasifu wake ulisomwa kwa dakika mbili. Mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa, kisha ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, ujane, kuugua. Hakuwahi kuwa mzee wa kanisa wala kiongozi wa kwaya, kwa hiyo msomaji hakuwa na vyeo vya kutaja. Hapa Mlalo, katika milima ya Usambara, Injili ilifika na wamisionari mwaka 1891, na tunapenda kuyataja majina ya waliotutangulia. La Bibi liliandikwa kwenye daftari la ahadi tu.

Wakati wa kuaga mwili, mama mmoja alifungua pindo la khanga, akatoa kofia ndogo ya mtoto mchanga, akainyanyua tuione. Hakusema neno, alilia tu. Nyuma yake mwingine akatoa ya kwake. Wakawa wengi.

Siku za gulio Bibi alinunua sweta kuukuu za mtumba, zile zilizotoboka viwiko. Jioni alizifumua, akauzungushia uzi miguu ya kigoda, akaulowesha ili unyooke, akauanika. Ndipo akafuma. Milima hii mwezi wa saba ina ukungu mpaka jua limepanda, na kichanga cha siku tatu hakiwezi kustahimili baridi hiyo. Akisikia fulani amejifungua, anakwenda na kofia na ndizi, anaomba, anaondoka kabla chai haijaiva. Ya mwanangu wa kwanza ilikuwa ya kijani hadi katikati, kisha nyekundu, maana uzi uliisha.

Tuliporudi nyumbani nilifungua habari za Tabitha wa Yafa. Nimeisoma mara nyingi, ila sikuwa nimegundua kwamba Luka hajaandika hata neno moja lililotoka kinywani mwa Tabitha. Anamwita mwanafunzi, na katika Kiyunani cha Agano Jipya neno hilo kwa umbo la kike limetumika hapo peke yake. Tabitha alikuwa amefariki, na Petro alipofika kutoka Lida, wajane walikuwa wamesimama orofani wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Huo ndio wasifu wake, nao ulisomwa na walioshonewa.

Petro akawatoa nje wote, akapiga magoti, akaomba, na Tabitha akafumbua macho. Bibi yetu hakufumbua. Tulimzika saa tisa, mvua ikinyesha kidogo, na sitaki kuupunguza uzito wa jambo hilo kwa maneno mazuri. Tunangoja ufufuo, na kungoja kunauma. Lakini naamini kwa moyo wangu wote kwamba Bwana aliyemtuma Petro kwenye orofa ile alikuwa akimwona mwanamke huyu kila jioni, na kigoda chake, na uzi wake uliolowa.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Binti mmoja alimleta mwanawe akiwa amevaa kofia ya Bibi, ya mwisho mwisho nadhani, maana mizunguko ya juu ilikuwa imelegea. Mchungaji akangoja. Mama akaivua, akaishika kifuani, maji yakamwagwa mara tatu. Kisha akamfuta mtoto kichwa na kumvika tena palepale, kabla hajarudi kwenye benchi.