Moja mara tatu

Mwaka 2009, mtu hakuingia chuo cha uuguzi cha misheni kwa kubonyeza simu na kungoja ujumbe. Tangazo lilitoka gazetini, ukatuma barua na nakala za vyeti, ukakaa ukiomba Mungu. Tangazo nililolikata mimi lilitaka gredi ya C katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, na C nyingine katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Hizo nilikuwa nazo, na ziada kidogo. Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Kakamega, na hiyo inatosha.

Barua ya kuniita kwa mahojiano ilitaka matokeo halisi, cheti cha kumaliza shule, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya chifu na barua ya kiongozi wa dini. Chifu hakunisumbua. Mchungaji ndiye aliyetaka kwanza kujua mbona siku hizi hanioni kwaya.

Nilipanda matatu Kondele, pale Kisumu, kukiwa bado giza. Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Chavakali, kila steji makanga anashuka kuita watu ambao hawakuwepo. Tulipofika Ilesi kulikuwa kumepambazuka, na mama mmoja akamwonyesha mwanawe lile Jiwe la Kilio, mwamba unaotiririkwa na maji kama machozi. Mtoto akauliza linalilia nini. Mama hakumjibu, nami sikuwa na nafasi ya kuwaza, kwa sababu nilikuwa nakariri kwa Kiingereza sentensi niliyopewa na binamu yangu: kwamba tangu utotoni nimekuwa na wito wa kuwahudumia wanadamu.

Mahojiano yalianzia getini, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Karani aliketi kwenye meza ya mbao akikagua vyeti kimoja kimoja, akiviinua kwenye mwanga kama mtu anayetafuta noti bandia. Mvulana aliyekuwa mbele yangu alikuja na nakala peke yake, maana shule yake ilikuwa imezuia vyeti kwa ajili ya salio la karo. Karani alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa upole, kisha akamrudishia faili yake na kumwita anayefuata. Mpaka leo sielewi shule inapata faida gani kukalia karatasi ambayo ndiyo ingemsaidia mdeni wake kupata kazi ya kulipa hilo deni.

Mtihani wa kuandika ulikuwa mwepesi. Moyo na vyumba vyake vinne, hesabu za asilimia, na insha fupi. Tukatoka, tukapewa nambari, tukaketishwa kwenye mabenchi marefu kwenye veranda.

Hilo benchi ndilo lililonichosha. Walikuwepo wa kutoka Bungoma, Siaya, Busia, Kisii, na wawili watatu kutoka Nakuru waliokuwa wamelala kwa jamaa zao Kakamega. Kila aliyetoka ndani alizingirwa kabla hajafika ngazi. Umeulizwa nini? Wako wangapi? Ni wakali? Msichana mmoja wa Bungoma akatuambia ameulizwa hivi: uko zamu ya usiku peke yako, wagonjwa wawili wanakuhitaji kwa wakati mmoja, mmoja analia kwa sauti na mwingine amenyamaza kimya. Unaanza na nani? Yeye alianza na anayelia. Basi benchi likagawanyika. Wengine wakasema kilio ndicho dalili ya maumivu. Mvulana mmoja wa Siaya, mtaratibu, akasema anayelia angalau tunajua anapumua. Tukanyamaza. Baadaye darasani nilikuja kufundishwa jambo lile lile, kwamba cha kwanza kuangalia ni njia ya hewa na pumzi. Yeye alilitoa kichwani mwake tu.

Wengi wetu tukaanza kukariri jibu la yule mvulana. Bila shaka walio ndani nao walijua kwamba benchi lina masikio, kwa sababu swali lile halikuulizwa tena.

Tulikariri na jambo lingine: sababu. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake. Mama aliyefariki akijifungua, kaka aliyekufa kwa malaria, nyanya aliyekosa gari la kumpeleka hospitali. Sisemi walidanganya. Magharibi ya Kenya ukikosa msiba wa namna hiyo katika ukoo wako, basi hujaulizia vizuri. Lakini niliposikia hadithi hizo zikipangwa upya, zikiongezwa chozi hapa na kupunguzwa pale, nilianza kuiogopa sentensi ya binamu yangu. Miaka ya baadaye niliombwa kukaa kwenye jopo kama hilo, upande wa pili wa meza, nikagundua kwamba swali la "kwa nini unataka kuwa muuguzi" humchosha anayeuliza kuliko anayeulizwa.

Ndani walikuwa wanne. Sista aliyekuwa mkuu wa chuo, metroni wa hospitali mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mhasibu, na mwalimu mmoja wa kiume aliyekuwa akimenya chungwa. Nikawasalimu, nikaambiwa niketi.

Sista aliniuliza kwa nini. Nikaikariri ile sentensi yote, kwa Kiingereza, bila kukwama. Aliandika kitu kifupi sana. Metroni akaniuliza kama nina mpango wa kuolewa karibuni.

"Huyo mtu sijamwona bado, metroni," nikasema.

Sista alitabasamu, metroni hakutabasamu. Wavulana niliowauliza baadaye hawakuulizwa swali hilo, hata mmoja.

Kisha mwalimu akaweka chungwa lake kando, akafuta mikono, akanisukumia bahasha ndogo ya dawa, zile za karatasi ya kaki. Juu yake kulikuwa kumeandikwa kwa kalamu: Amoxil 500mg, 1x3, 5/7.

"Mimi ni nyanya kutoka Seme," akasema. "Kiingereza sijui. Kiswahili changu ni cha sokoni. Nimetoka kwa daktari nikapewa hii. Nisaidie."

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu kibanda cha shangazi. Shangazi yangu aliuza uji, chai na mandazi nje ya hospitali kuu ya mkoa wa Nyanza, ambayo siku hizi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Majina yote mawili ni ya barua za serikali. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969, na Kisumu nzima inaiita Russia. Mwambie mtu wa boda "hospitali ya mkoa" na atakuuliza ipi; sema Russia na tayari amekanyaga pedali. Tangu nikiwa darasa la saba nilikuwa nikiosha vikombe pale siku za likizo, na kwa kuwa nilivaa sare ya shule hata Jumamosi, watu waliotoka famasi walidhani ninajua kusoma kila kitu. Waliniletea bahasha zao. Nami nikawa naenda kumuuliza muuguzi mmoja aliyependa uji wa shangazi, narudi na jibu.

Ndivyo nilivyojua kwamba hizo alama ndogo zina hatari yake. 1x3 maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini mtu aliyefundishwa hesabu akasahau mengine yote anasoma moja mara tatu, ni tatu, anameza vitatu kwa mpigo na kungoja kesho. Na 5/7, ambayo maana yake ni siku tano tu, ile saba ikiwa ni siku za wiki, nimemwona mwanaume mzima aliyevaa suti akiitazama akitafuta kidonge cha kukata vipande saba.

Kwa hiyo nilipopewa bahasha ile sikuhitaji kukumbuka kitu nilichokariri. Nikamwuliza mwalimu kama nizungumze Kijaluo, lugha ya watu wa Seme. Akasema, ukikijua. Mimi ni Mluhya, ila nimelelewa Kondele, na Kondele hakuna anayekuuliza lugha ya mama yako unapocheza mchezo wa kati. Nikamwita dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, nikasogeza kiti. Nikamwaga dawa mezani tukahesabu pamoja: zilikuwa 15. Moja na chai ya asubuhi, moja na chakula cha mchana, moja kabla ya kulala. Siku tano zikiisha, bahasha iwe tupu. Ikibaki hata moja, kuna mahali umesahau.

"Na nikipona siku ya pili?" nyanya akauliza.

"Endelea, dani. Zimalize."

"Hizi zitakazobaki si nitamwekea mjukuu wangu? Naye anakohoa."

Aliniuliza kwa sauti ile ile ya wateja wa shangazi, ya mtu anayejua kabisa atafanya nini akifika nyumbani. Nikamwambia hazitabaki, na mjukuu amlete apimwe, kwa sababu kipimo cha mtoto si cha nyanya yake. Akasema nauli hana. Hapo nikakwama kidogo. Nikamuuliza kama kuna zahanati karibu naye, au mhudumu wa afya wa kijiji. Akasema yupo. "Basi anza na huyo leo jioni, usingoje hizi."

Sista, ambaye hakuwa amepata hata neno moja, akaomba atafsiriwe. Mwalimu akamtafsiria, na kila alipofika sehemu ya mjukuu alicheka mwenyewe. Metroni akavaa miwani yake. "Na huyo nyanya akifika nyumbani akisahau? Hajui kusoma."

Nikachukua kalamu, nikachora nyuma ya bahasha jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila kimoja kidonge kimoja. Jua langu la kwanza lilifanana sana na yai. Metroni akaliangalia, akanyoosha mkono akaichukua bahasha.

"Nani amekufundisha haya?"

"Ni watu wa kibandani tu."

"Kibanda gani?"

Swali hilo ndilo lililomwamsha mhasibu, maana yeye alikuwa anangoja kujua ni nani atakayelipa karo. Tukatumia muda mwingi kwenye uji kuliko kwenye jambo lingine lolote. Shangazi anauza vikombe vingapi kwa siku? Kibanda ni chake au amekodi? Yuko kwenye chama cha akiba? Akiugua? Nilijibu nilichokijua. Aliandika ukurasa mzima, wakati Sista alikuwa ameandika mstari mmoja. Nikatoka nikiwa na hakika nimeangushwa na uji.

Barua ilifika kupitia sanduku la posta la kanisa, na mchungaji akaileta mwenyewe hadi kibandani ili ashuhudie inafunguliwa. Nimechukuliwa. Ukurasa wa pili ulikuwa orodha: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, viatu vyeusi visivyo na visigino virefu, sare mbili nyeupe, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Shangazi aliipitisha kidole orodha yote, akiguna kwa kila kitu, hadi akafika kwenye saa.

"Saa ya nini? Chuo chote hakina saa ukutani?"

"Ni ya kuhesabu mapigo ya moyo, shangazi. Unamshika mgonjwa hapa, huku unaangalia sekunde."

Akanipa mkono wake nimwonyeshe. Nikamwambia sina saa. Akauvuta mkono, akaendelea kukoroga uji.

"Hiyo nitanunua. Jembe utabeba la nyumbani, na huyo mhasibu wako umwambie mpini ni mpya."