Fildi kampuni ya simu: omba Kigoma au Tabora, ushike faiba

Kila mwaka Julai ikikaribia, wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano hugombania nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, makao makuu ya kampuni za simu, Dar es Salaam. Mimi nakushauri uombe Kigoma au Tabora. Makao makuu utakaa nyuma ya mtu anayetazama alamu za nchi nzima kwenye kioo. Mkoani timu huwa ndogo na gari ni la kugawana, kwa hiyo faiba, kebo ya nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, ikikatika njia ya Kasulu, mikono yako itahitajika.

Barua ya utambulisho ya chuo ipeleke mapema, miezi mitatu au minne kabla, na utaje mkoa unaoutaka, maana maombi mengi huamuliwa Dar hata kama utafanyia kazi Tabora. Nenda na buti ngumu. Mafundi waamkie vizuri na uwaite fundi. Wengi hawana digrii unayoisomea, lakini njia nzima ya mkongo, yaani kebo kuu ya faiba, wanaijua kwa mawe na madaraja yake.

Julai hadi Septemba ni kiangazi. Radi zinazounguza vifaa vya minara husubiri mvua za Novemba, na miezi hii adui ni greda za barabara, watu wanaochimba mitaro ya maji, na moto wa msituni unaobabua kebo za juu ya nguzo katika miombo ya Tabora. Ndiyo maana nasema ujifunze kutafuta mkato na kuunga.

Mkato hutafutwa kwa OTDR, mashine inayorusha mwanga ndani ya uzi na kusikiliza unaorudi. Hapa wanafunzi wengi hukosea, maana OTDR inapima urefu wa uzi, wala si wa barabara. Nyuzi zimejiviringisha ndani ya kebo, hivyo huizidi kebo kwa asilimia moja au mbili, na kwenye kila jointi, yaani pale kebo mbili zilipoungwa, kuna mizunguko ya akiba iliyoachwa chini. Mashine ikisema kilomita 23.4, ukienda na mita ya gari hadi hapo utachimba pasipo na kitu. Tafuta kwenye kumbukumbu jointi ya mwisho inayojulikana, uhesabu kutoka pale. Kagua pia namba ya kioo iliyowekwa kwenye mashine, ile inayoeleza kioo cha uzi kinapunguza mwendo wa mwanga kiasi gani. Faiba ya kawaida ya masafa marefu ni kama 1.468. Mtu akiwa ameacha 1.46, kwenye kilomita hizo 23.4 utakosea kwa takribani mita 127, na mita 127 za kuchimba kwa sululu ni siku nzima.

Upana wa mpigo, yaani muda wa kila mrusho wa mwanga wa OTDR, nao una maana. Nanosekunde 10 hutenganisha vitu vilivyo karibu mita moja, lakini haufiki mbali. Mikrosekunde moja hufika mbali, ila mita kama 100 huonekana kitu kimoja. Anza na mpana upate eneo, kisha punguza. Pima kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na wa 1550: upotevu ukiwa mdogo kwenye 1310 na mkubwa kwenye 1550, uzi haujakatika, umekunjwa mahali.

Mkato ukishapatikana, kazi inahamia kwenye kuunga. Uzi una unene wa mikroni 125 na njia ya mwanga katikati yake ni kama mikroni 9, kwa hiyo vumbi jekundu la Kigoma linatosha kuharibu kila kitu. Fanyia ndani ya gari au hema. Kwanza kabisa ingiza kikoti cha kulinda jointi kwenye uzi mmoja. Ukisahau, utaunga vizuri sana halafu ukate tena. Menya ganda la rangi sentimita tatu hivi, futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 mpaka uzi utoe kamlio, kata kwa kliva, kikatio maalumu cha uzi, na baada ya hapo usiuguse wala usiufute tena. Pembe ya ncha uliyoikata ikizidi digrii moja, rudia. Mashine ya kuungia ikishayeyusha ncha mbili zikashikana, sogeza kikoti juu ya jointi, choma, kisha laza uzi kwenye trei bila kuukunja chini ya nusu kipenyo cha milimita 30.

Mashine ya kuungia iliyotoka Dar, usawa wa bahari, ikifika Tabora kwenye mwinuko wa kama mita 1,200 inahitaji kurekebishwa cheche ya umeme inayoyeyusha uzi, kwa sababu hewa nyepesi hubadilisha joto lake. Mafundi wasiofanya hivyo huishia kulaumu kliva.

Rangi zikariri kwa mpangilio: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, feruzi. Usiku kwa tochi, bluu na feruzi hufanana, na ukizipishanisha wateja wa njia mbili wanakaa gizani ilhali jointi zote ni safi. Vipande vya uzi viweke kwenye chupa yenye kifuniko, kwani vikiingia kwenye kidole havionekani. Na usichungulie mwisho wa uzi, maana mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuunguza jicho.

Jointi nzuri hupoteza mwanga chini ya desibeli 0.1, kipimo cha upotevu. Pima kutoka pande zote mbili na uchukue wastani: upande mmoja ukisoma 0.12 na mwingine hasi 0.04, jibu ni 0.04. Ile hasi haina maana kwamba mwanga umeongezeka. Hutokea kwa sababu nyuzi mbili zina njia za mwanga zenye upana tofauti kidogo. Halafu piga hesabu ya njia nzima. Kilomita 80 kwa upotevu wa 0.2 kila kilomita ni desibeli 16. Jointi 19 za kebo za kilomita nne nne, kwa 0.05 kila jointi, ni karibu 1. Viunganishi viwili ni 1 nyingine. Jumla 18. Kila mkato ukitibiwa kwa kipande cha kebo huleta jointi mbili mpya, na hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini njia iliyokatwa mara nyingi huchoka.

Mambo ya umeme wa saiti, betri na rektifaya (vigeuzi vya umeme wa AC kuwa DC) za volti 48, jifunze kwa kuwafuata mafundi wanapozungukia minara. Kupanda mnara si kazi ya mwanafunzi.

Logibuku usiandike "tulikwenda saiti kurekebisha mkongo". Andika tyubu (mrija wa nyuzi ndani ya kebo) ya chungwa, uzi wa kijani, nanomita 1550, desibeli 0.04, saa ngapi umeanza na saa ngapi huduma imerudi. Msimamizi wa chuo akija atauliza hayo. Ramani za njia na majina ya vituo ni siri ya kampuni, hivyo kwenye ripoti tumia Kituo A na Kituo B, na picha za vifaa ziombee kibali kabla simu haijatoka mfukoni.