Timu zikiongezeka AFL vipaji vinapungua? Mi naona kinachopungua ni kitu kingine

Kuna mzee mmoja nafanya naye shifti ya usiku hapa Melbourne, shabiki wa Melbourne Demons tangu yuko mtoto, na ikitajwa Tasmania tu, kile kisiwa kinacholeta timu mpya, anabadilika sura. Hana ugomvi na watu wa Tasmania, hoja yake ni kwamba AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia (ule wa kushika kwa mikono na kupiga kwa mguu), ikifika timu 19 hiyo 2028 kiwango kitashuka, maana wachezaji wazuri ni walewale, ukiwagawa kwenye timu nyingi kila timu inabaki na wawili watatu wa maana na wengine wote wa kujazia namba. Yaani ni kama wageni wameongezeka, nyama ni ileile, mchuzi umeongezwa maji.

Tumebishana wiki tatu sasa na kila nikirudi nyumbani asubuhi nagundua kuna kitu sikukisema vizuri, ndo maana naandika.

Kwanza nikubali kwamba anachokumbuka ni kweli. Gold Coast Suns walipoanza 2011, mechi yao ya kwanza kabisa Carlton waliwapiga kwa tofauti ya pointi 119. Msimu mzima wakashinda mechi 3. GWS Giants wakaingia 2012 wakashinda 2, mwaka uliofuata wakashinda 1 tu. Ilikuwa inauma kuangalia, vijana wa miaka 18 na 19 ambao mabega bado hayajajaa wanagombea mpira chini na wanaume wa miaka 28, wanagongwa, wanaamka, wanagongwa tena, na ikifika robo ya nne hawana hata pumzi ya kurudi kukaba.

Lakini wale vijana kipaji walikuwa nacho bana, tena kingi. Giants kwenye drafti ya 2011, yaani zoezi la klabu kuchagua vijana wapya kwa zamu, walipewa chaguo la 1, la 2 na la 3 na mengine kibao ya juu, Suns nao 2010 hivohivo. Angalia wale wa Suns walioondoka walienda kufanya nini. Dion Prestia alienda Richmond akachukua ubingwa mara 3. Tom Lynch naye Richmond, mara 2. Steven May alienda Melbourne akawa nguzo ya ulinzi kwenye ubingwa wa 2021, ubingwa ambao mzee wangu aliusubiri tangu 1964! Na Jeremy Cameron aliyeanzia Giants akaenda kubeba kombe na Geelong 2022. Sasa kama hawa ndo "maji" yaliyoongezwa kwenye mchuzi mi sielewi tena nyama ni ipi.

Kilichokosekana pale ni wakubwa. Ukienda uwanjani mwenyewe ukakaa karibu na mstari, siyo kwenye TV, utaona kazi ya mchezaji wa miaka 30. Mpira uko mbali kabisa upande wa pili na yeye anaongea tu, anamvuta dogo jezi hatua mbili kushoto, anamuonyesha kwa kidole nani wa kukaba, timu ikifungwa magoli mawili ya harakaharaka yeye anaudaka mpira (ukidaka pasi ya mguu unapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa) halafu anatembea taratibu kurudi nyuma ya alama yake, anavuta sekunde, anawapa wenzake muda wa kupumua. Hiyo haiingii kwenye takwimu yoyote. Suns walikuwa na Gary Ablett kama kapteni, na Ablett yule akachukua Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, 2013 akiwa hapohapo, lakini mkubwa mmoja kwa kundi zima la watoto hatoshi.

Halafu kuna hii ya vipigo, watu wanaona vipigo vikubwa wanasema ni sababu ya timu nyingi. Mwaka uleule wa 2011 ambao Suns walikuwa wachanga, kipigo kikubwa kuliko vyote hawakukila wao. Geelong waliifunga Melbourne kwa pointi 186, Melbourne ambayo ni klabu ya tangu 1858. Na rekodi ya tofauti kubwa kabisa katika historia ya ligi ni pointi 190, Fitzroy dhidi ya Melbourne tena, mwaka 1979, enzi ambazo ligi ilikuwa na timu 12 tu na zote za Victoria, jimbo letu hili la Melbourne. Nilipomtajia mzee hizo mechi mbili alikaa kimya muda mrefu, nikajisikia vibaya kidogo kwa sababu ya 186 alikuwepo uwanjani, alisafiri mpaka Geelong kuiona.

Na sasa hivi je? Msimu wa 2024 Richmond walishinda mechi 2. 2025 West Coast Eagles wenye ubingwa mara 4 walishinda mechi 1 katika 23. Mwaka huohuo Suns ndo walikuwa kwenye mtoano kwa mara yao ya kwanza, wakaenda Perth wakawatoa Fremantle kwa pointi moja. Imewachukua misimu 15, ni mingi mno na sitetei uzembe wa miaka yote hiyo, ila chini ya msimamo wanapishana wakongwe na wageni kulingana na nani anaendesha klabu vizuri.

Kuna hesabu nyingine ambayo naipenda zaidi. Tunaposema zamani zilikuwa timu 12 tunasahau kwamba hiyo ni Victoria peke yake. Miaka ya 80 mwanzoni Western Australia walikuwa na ligi yao ya timu 8, South Australia yao ya timu 10, na kule kulikuwa na wachezaji wakubwa kwelikweli ambao wengine hawakuwahi kuhamia Melbourne kabisa. Jumlisha, timu 30 za daraja la juu. Zikaja West Coast na Brisbane 1987, Adelaide 1991, Fremantle 1995, Port Adelaide 1997, wale bora wa ligi zote tatu wakaanza kukutana sehemu moja. Leo timu 18, idadi ya watu Australia imepanda mpaka kama milioni 27. Kwa hiyo ule upanuzi wa kwanza ulikusanya vipaji, na West Coast walionyesha mapema tu kwa kubeba ubingwa 1992 na 1994. Upanuzi wa 2011 na 2012 ndo ulikuwa wa kutawanya, hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavijumlisha kama kimoja.

Na nje ya hizo timu 18 watu bado wapo. Fainali kuu ya 2019, Richmond na Giants, watu 100,014 kwenye uwanja wa MCG hapa Melbourne, Richmond wanamuanzisha Marlion Pickett. Miaka 27, mechi yake ya KWANZA kwenye AFL. Drafti zilimpita mwaka baada ya mwaka, aliwahi kukaa jela, alikuwa anacheza South Fremantle kwenye ligi ya jimbo mpaka Richmond wakamchukua katikati ya msimu uleule. Anapokea mpira katikati, mtu anamjia mbio, anajizungusha duara zima kama mlango, anatoka upande wa pili mpira ukiwa mkononi. Baadaye akafunga goli lake, timu nzima ikamrukia. Richmond wakashinda kwa pointi 89. Mtu kama huyo alikuwa anacheza hukoo jimboni na sisi tunasema vipaji vimeisha.

Akademi za kaskazini, vituo vya klabu za kule vya kukuza vijana, ni hivohivo. Isaac Heeney na Errol Gulden wametoka akademi ya Sydney Swans, Harris Andrews akademi ya Brisbane, 2023 Suns walichukua madogo wanne wa akademi yao wenyewe kwa mkupuo. Sehemu ambazo watoto wengi walikuwa wanacheza ragbi. Klabu ikifika mahali inaleta viwanja, makocha wa watoto, jezi ya kuvaliwa mtaani. Na mimi kama mtu wa Afrika Mashariki nifiche vipi hili, Aliir Aliir, mlinzi wa Port Adelaide aliyeingia kikosi bora cha msimu 2021, alizaliwa Kakuma, kambini, Kenya. Nikimuona anaruka nyuma ya kundi la watu na kuuondoa mpira kwa ngumi najisikia fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri kazini.

Ila kuna sehemu mbili mzee ana haki. Moja ni ligi ya wanawake, walianza timu 8 mwaka 2017, kufika 2022 zilikuwa 18, miaka mitano tu! Wasichana wengi walikuwa wakifika umri fulani wanakosa timu ya kuendelea nayo, huwezi kujaza pengo la namna hiyo kwa spidi ile, na waliolipa ni wachezaji wenyewe, sio waliopanga.

Ya pili ni warefu. Yule wa katikati anayeruka mwamuzi akirusha mpira juu, wanamuita raki, mita mbili na zaidi, mwenye mwili wa kugongana na akili ya kujua aupige wapi. Viungo wafupi wenye mbio unawapata kila mtaa, raki mzuri inachukua miaka mingi kumpika na hata sasa kuna klabu zinahangaika. Timu ya 19 inataka wawili watatu wa aina hiyo na sijui nani yuko tayari kuwaachia. Nikimsikiliza mzee hapa sina jibu la haraka, nina moja tu la kumkumbusha: mchezaji anayempenda kuliko wote maishani ni Jim Stynes. Raki. Mtu wa Dublin, alikulia mpira wa Kiairishi, Melbourne wakamleta wakamfundisha upya kabisa, akachukua Brownlow 1991 na akacheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja.

Tasmania wana watu kama laki tano na elfu sabini hivi, na uanachama wa timu yao wa dola 10 ulipofunguliwa 2024 walijiandikisha zaidi ya 200,000. Ni ardhi iliyowatoa Peter Hudson na Royce Hart, na kwa miaka yote hiyo mtoto wa kule alikuwa lazima avuke bahari kwenda kuchezea jezi ya watu wengine. Ninachowaombea ni wasijaze watoto watupu, wachukue wanaume sita saba wa miaka 29, 30, wawalipe vizuri hata kama wamebakiza misimu miwili tu mwilini.

Usiku wa jana nilimwambia mzee mechi yao ya kwanza tuiangalie pamoja. Amekubali, ila amesema hatawashangilia, ataangalia raki tu.